Terere inachanua mara moja na kufa, kahawa inachanua kila mwaka: niliyojifunza shambani

Ndugu, umeuliza kwa nini terere (mchicha) yako ya Kasarani imechanua ikiwa na wiki 6 tu na sasa inakauka, ilhali kahawa ya kwenu Kiambu huchanua kila mwaka na miti bado imesimama. Nimelima zote mbili, terere kwenye magunia hapa Kangemi na kahawa kwenye shamba la mama, na kahawa ndiyo iliyonifunza kwa hasara.

Terere ni mmea wa msimu mmoja. Ishara ya kuchanua ikifika, ncha ya shina na matawi yote hugeukia maua, na nguvu yote inakwenda kwenye mbegu. Ishara hutoka kwenye majani: jani hupima urefu wa usiku, kisha hutengeneza protini inayosafiri ndani ya shina mpaka kwenye ncha. Kwamba urefu wa mchana na usiku ndio unaoamua, Garner na Allard walilionyesha Marekani mwaka wa 1920 kwa tumbaku na soya. Terere nyingi hupenda mchana mfupi, na Nairobi, karibu na ikweta, mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima. Hapa haina cha kusubiri. Ukiinyima maji, inaharakisha zaidi.

Sukuma wiki ni kinyume. Yangu ina miaka 2, imenipita kiuno, na sijaona ua hata moja. Jamii ya kabichi kwa kawaida hungoja wiki kadhaa za baridi kali, na Julai yetu haifikii hapo, hata tukivaa makoti. Ndani yake kuna jeni inayozuia maua, na baridi ndiyo huizima. Hapo ndipo penye jibu lako. Mwaka wa 2009 watafiti wa Cologne, Ujerumani, walieleza habari za Arabis alpina, mmea wa milimani unaoishi miaka mingi na unaomea hata Mlima Kenya. Kwa binamu yake wa msimu mmoja, Arabidopsis, jeni hiyo ikishazimwa na baridi haiwaki tena. Kwa Arabis, joto likirudi inawaka upya, na machipukizi machanga yanabaki ya majani. Mmea umejiwekea akiba.

Kahawa haingoji baridi. Matumba yake hulala wakati wa kiangazi, mvua huyaamsha, na siku kama 10 baadaye shamba lote ni jeupe na linanukia. Lakini akiba inayo: huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyokua msimu uliopita, na pingili iliyokwisha kuzaa kwa kawaida haizai tena. Mimi nilipogoa kwa haraka, nikakata vitawi vyembamba visivyo na tunda nikidhani vinakula mbolea bure. Msimu uliofuata mama alichuma madebe 2 kwenye safu iliyozoea kumjazia magunia. Iliniuma sana, maana hakunilaumu.

Basi kwenye kahawa viache vitawi hivyo vichanga, ukate vilivyochoka. Terere ikate ncha mapema, kabla ua halijachungulia, itoe machipukizi ya pembeni. Hayo nayo yatachanua upesi, kwa hiyo panda gunia jingine kila baada ya wiki 3. Hiyo iliyoanza kukauka iache ikomaze mbegu, uzipukute na kuzihifadhi.