Nauli ya Msindikizaji: kwa Mnaojiunga na Klabu za Huduma

Mwaka wa klabu huanza tarehe 1 Julai, kwa Lions na kwa Rotary vilevile, kwa hiyo wengi wenu ndiyo kwanza mmeingia. Mmevishwa pini, mmepigiwa makofi, mmepiga picha na rais mpya. Karibuni sana. Mimi nimeshika daftari la miradi la klabu yetu hapa Tanga kwa miaka kumi na minne, na yapo mambo nisingependa myajifunze kwa njia niliyojifunza mimi, maana waliolipia makosa yangu walikuwa wagonjwa.

Mwaka wangu wa pili nilikabidhiwa kambi ya macho katika kijiji kimoja cha ndani huko Muheza. Siku yenyewe ilipendeza. Watu walijaa tangu alfajiri, wahudumu wa macho wakapima hadi jioni, na wazee waliokutwa na mtoto wa jicho wakapewa karatasi ya rufaa. Upasuaji ulikuwa bure. Basi nalo bure, lingewachukua Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi hapo hapo penye mwembe. Tukarudi mjini tukijipongeza.

Jumatatu basi lilikuja na kuondoka na viti vitupu. Walioandikishwa walikuwa thelathini na zaidi, waliopanda hawakufika kumi. Kwenye kikao kilichofuata tulisikitika kwa sauti kubwa, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema kwamba watu wa kule hawajui thamani ya kitu cha bure. Maneno hayo yananiuma hadi leo.

Baada ya wiki mbili nilirudi peke yangu, nikaongozana na mhudumu wa afya wa kijiji kumtafuta bibi mmoja niliyekuwa nimemwandika mwenyewe. Tulimkuta ameketi mkekani nje ya nyumba. Toka mlangoni mwake hadi chooni palikuwa na kamba ya katani iliyofungwa kwenye vigingi, na kila alipotaka kwenda haja aliifuata kwa mkono. Nilipojitambulisha, alifungua fundo la kanga yake akatoa karatasi yetu ya rufaa, imekunjwa mara nne, safi kabisa. Hakuwa ameidharau.

"Mwanangu," aliniambia, "basi lenu nimelisikia honi. Lakini mjukuu anayenishika mkono ndiye anayechuma machungwa kibarua. Akikaa na mimi hospitali siku tatu, wadogo zake wanakula nini?" Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, akauliza kama ni kweli kwamba jicho hutolewa nje, likasafishwa, kisha likarudishwa.

Tulikuwa tumelipia daktari, dawa, lenzi bandia, dizeli na maji ya kunywa ya wanachama. Nauli na chakula cha mtu wa kumshika bibi mkono havikuwemo. Wala hatukumtuma mtu hata mmoja aliyekwisha kupasuliwa akaeleze alichokiona mwenyewe: kwamba unachomwa sindano ya ganzi, kwamba kinachotolewa ni lenzi iliyofifia ndani ya jicho na si jicho, kwamba kesho yake bandeji inafunguliwa.

Tangu hapo, bajeti yoyote ya macho inayopita mikononi mwangu ina mstari wa msindikizaji, nauli ya kwenda na kurudi pamoja na posho ndogo ya siku anazokosa kibarua. Mweka hazina akiukata, naurudisha. Na siku ya upimaji tunamwalika mzee wa kijiji jirani aliyekwisha kufanyiwa upasuaji, akae na wenzake kivulini na kuzungumza nao tu. Kambi iliyofuata basi lilijaa, ikabidi tukodi na gari dogo la Noah. Bibi yule alikuwemo. Mwezi mmoja baada ya upasuaji nilipita kumwona nikakuta kamba imeondolewa, vigingi vimebaki.

Mtasikia mengi kuhusu historia yetu. Paul Harris, mwanasheria, alianzisha Rotary Chicago mwaka 1905. Melvin Jones, mtu wa bima, aliwakusanya Lions mji huohuo mwaka 1917. Mwaka 1925 Helen Keller, ambaye hakuona wala kusikia, alisimama mbele ya mkutano wa Lions huko Ohio akawaomba wabebe kazi ya watu wasioona, na ndiyo maana hadi leo macho ni kazi yao ya kwanza. Yajueni hayo. Ila mimi ninayependa kuwasimulia wageni ni ya polio. Rotary waliibeba kazi hiyo mwaka 1985, na tarehe 25 Agosti 2020 ukanda wa Afrika wa Shirika la Afya Duniani ukatangazwa kuwa umeondokana na polio ya asili. Waulizeni waliotembea na vikasha vya baridi vya chanjo begani. Mtoto aliyepata matone alipakwa wino kidoleni, mlango ukaandikwa kwa chaki, na nyumba ambayo mtoto hakuwepo iliwekewa alama yake, ili kesho yake mtu aifuate nyumba ile tena.

Kuhusu ruhusa nitasema kwa ufupi, kwa sababu ni jambo lisilo na mjadala. Klabu haipimi wala haitibu mtu. Barua inaanza kwa mganga mkuu wa wilaya, mratibu wa huduma za macho anapanga wataalamu na hospitali ya kupokea rufaa, kisha mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti. Tarehe wapangieni wao. Sisi tuliwahi kuipanga mezani kwetu ikaangukia siku ya gulio. Mara nyingine iliangukia Ijumaa, na saa sita mchana uwanja mzima uliinuka kwenda msikitini wakati wapimaji ndio kwanza wamechangamka.

Wewe mgeni kazi yako ya kwanza itakuwa uandikishaji, na usiione ndogo. Andika jina kama linavyojulikana kijijini, maana ukimtafuta mtu kwa jina la kitambulisho huenda hata jirani yake asimjue. Andika kitongoji. Namba ya simu, kama si yake, andika ni ya nani. Uliza nani atamsindikiza, na jina la huyo msindikizaji liandike papo hapo mbele yake. Pia uliza jicho lipi, kulia au kushoto, kisha mwache mpimaji athibitishe.

Ukiombwa kusaidia kwenye chati, mara nyingi ni ile ya E zinazogeuka. Mzee anasimama mita sita, anafunika jicho moja kwa kiganja, anaonyesha kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Hahitaji kujua kusoma. Usimharakishe, na usimsahihishe kwa sauti mbele ya wajukuu zake. Wengine hawataonyesha mkono kabisa. Wanaona haya kushindwa. Hao mpimaji huwasogelea na kuwahesabisha vidole.

Wapo pia ambao hawaumwi. Akina mama wa miaka arobaini na kitu wanaokuja wakisema macho yamekufa, kumbe wanahitaji miwani ya kusomea tu. Tunaweka sinia la mchele na sindano yenye uzi mezani. Mama mmoja, fundi cherehani, alivaa miwani ya +2.00, akatunga uzi mara ya kwanza tu, akanyamaza kidogo, kisha akauchomoa na kuutunga tena. Alikuwa ameacha kushona miaka mitatu.

Sasa fedha. Lions wana kanuni ambayo naipenda kuliko zote: fedha iliyochangwa na umma hurudi kwa umma, na gharama za kuendesha klabu hutoka kwenye ada na michango ya wanachama wenyewe. Akaunti mbili, vitabu viwili. Chai ya kikao, mabango ya klabu, nauli yako ya kwenda kwenye sherehe, vyote ni vya akaunti ya uendeshaji. Shati utakalovaa kambini nunua kwa hela yako. Mwenye duka aliyetoa katoni tano za sabuni mpelekee nakala za risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi, za vitu vingine vilivyonunuliwa na orodha ya mahali sabuni zilipogawiwa, hata kama hakuomba. Mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini ametuchangia miaka tisa mfululizo, na kila mwaka huanza kwa kufungua faili la risiti na orodha tulizompelekea.

Mkienda shuleni na taulo za kike, tazameni kwanza choo. Kama hakina maji wala shimo la kuchomea taulo zilizotumika, msichana atabaki nyumbani na pakiti yenu mkononi, kwa hiyo anzeni na maji. Na picha: mtu anayeongozwa kwa mkono hajui kamera iko wapi. Mwambie, mwombe, akikataa weka simu mfukoni. Kwa mtoto muombe mzazi.

Jumamosi ijayo hatuna kambi. Tunakwenda kuwatazama waliopasuliwa wiki iliyopita, kama wanaweka matone kwa saa zake, kama hawainami kuchota maji, kama jicho haliumi wala kuwa jekundu. Tutakuwa na muuguzi wa macho. Gari linaondoka saa moja kamili asubuhi, nafasi ni sita, na hakutakuwa na bango wala hotuba. Njoo na daftari, kalamu mbili na kofia. Ukipata nafasi ya kumshikia mzee chupa ya dawa muuguzi anapomwelekeza, mwombe akurudishie maelekezo kwa maneno yake, kisha mwombe na msindikizaji wake arudie, kwa kuwa huyo ndiye atakayekuwepo saa nne usiku.