Daftari la Jabiri

Mwanangu Rehema,

Salamu zako nimezipata. Umeuliza kama umhamishe Jabiri, kwa kuwa shuleni kwao wanafundisha kwa udadisi, yaani watoto wajaribu na kugundua wenyewe, na daftari lake la Darasa la Kwanza linarudi nyumbani karibu tupu. Kabla ya daftari, muulize mwalimu wake jambo moja: watoto wanabashiri kabla ya kugusa? Mtoto abashiri kwanza, ndipo aguse. Nimelisema hili mpaka baba yako amelichoka.

Chukua somo la kuelea na kuzama. Beseni moja, maji nusu, watoto wanne au watano. Vitu visizidi vitano, maana vikizidi watachezea maji tu: msumari, kipande cha mti, chungwa na ganda lake, chungwa lililomenywa, kizibo cha soda. Kila mtoto apige mstari kwenye karatasi, achore juu yake anavyodhani vitaelea, na chini vitakavyozama. Asipochora, atasema alijua tangu mwanzo. Na asifute, vifutio vikae kwa mwalimu. Chungwa lenye ganda huelea kwa sababu ganda limeshika hewa. Ukilimenya uzito unapungua, lakini linazama! Watoto wanaamini kizito ndicho kizamacho, kwa hiyo watabishana, na waachwe wabishane. Kizibo nacho kikilazwa mdomo juu huelea, kikiingia maji huzama, na ile kanuni yao ya kwamba chuma huzama inavunjikia mikononi mwao.

Wengi huharibu somo kwa kujibu haraka. Mmarekani Mary Budd Rowe alipima madarasani akakuta mwalimu akishauliza husubiri kama sekunde 1 tu. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka na wanyamavu nao wakajitokeza. Na badala ya "kwa nini?", linalomtia mtoto mdogo woga, ni heri aulize "umejuaje?"

Nikiandika haya naukumbuka mwezi wako. Ulirudi na alama ya kosa kwa kuchora mwezi na jua kwenye picha moja. Uliuona kweli, saa moja asubuhi, upande wa magharibi, tukienda kituoni Magomeni. Siku chache baada ya mwezi mpevu huonekana hivyo kila mwezi. Ukaambiwa mwezi ni wa usiku. Ilitosha darasa litoke uani dakika mbili, watoto wabashiri uko wapi, kisha watazame juu. Baada ya hapo ukaacha kuuliza habari za angani, na mimi mpaka leo inaniuma.

Lakini hapohapo najibishana mwenyewe. Herufi hazigunduliwi kwenye beseni. Ba, be, bi, bo, bu hufundishwa waziwazi, kila siku, kwa mpangilio. Ndiyo maana mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioanza 2015 ulisimamia Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Asiyejua kusoma atadadisi kwa kitu gani akifika Darasa la Tatu? Utaona kama naligeuka neno langu. Siligeuki. Akishazijua ba na ta, mpe "bata" ajaribu kabla hujamsomea. Hata hapo anabashiri kwanza.

Sasa umhamishe? Omba ruhusa ukae nyuma ya darasa asubuhi moja. Tafuta michoro ya ubashiri, hata kama iko kwenye makaratasi na si daftarini. Jioni mpe Jabiri sentensi asiyowahi kuiona, aisome. Akikwama kwenye silabi na mwaka unakaribia kwisha, ninachofikiri unakijua, sitakiandika. Mtoto ni wenu wewe na mumeo. Ila kumhamisha kwa ajili ya daftari tupu peke yake, hapana, hilo siwezi kulinyamazia.

Jumamosi jaribuni beseni hapo nyumbani. Machungwa yalingane ukubwa, na la kumenya mlitoe hata ule weupe wa ndani ya ganda, maana ukibaki mwingi unashika hewa, chungwa halitazama vizuri, na Jabiri atabisha kwa haki.

Mama yako