Kuokoka, kisha ukaanguka: je, wokovu umeondoka?

Dada yangu, unasema uliokoka mwaka jana, ukaongozwa sala ya toba, na juzi ukarudia kumtukana mama mkwe. Sasa unauliza kama wokovu umekutoka. Pole. Hofu hiyo naijua, imewahi kuninyima usingizi.

Fungua Biblia yako uone Paulo anavyobadilisha wakati wa tendo. Waefeso 2:8 anasema "mmeokolewa kwa neema". Kwenye 1 Wakorintho 1:18 anasema "sisi tunaookolewa". Warumi 5:9 anasema tutaokolewa. Yamepita, yanaendelea, yanakuja. Kwetu tunasema "nimeokoka" kama mtu aliyemaliza safari, ndiyo maana tukijikwaa tunadhani hatukuwahi kuianza. (Madhehebu yanatofautiana kama wokovu waweza kupotea, kwa hilo kaa na mchungaji wako.)

Mimi humrudia Zakayo, Luka 19. Mtoza ushuru, mfupi, yuko juu ya mkuyu. Yesu anajialika kwake kwanza, kabla hajalipa hata senti. Ndipo Zakayo anasimama: nusu ya mali kwa maskini, na aliowadhulumu kuwarudishia mara nne. Neema ilitangulia, mkono ukafuata.

Basi usirudie sala ya toba kila Jumapili kana kwamba ya kwanza haikusikika. Tubu kwa Mungu, halafu kesho nenda kwa mama mkwe. Msalimie, kaa chini, mwambie, "Mama, nilikukosea, nisamehe." Usitaje alichokuanza nacho yeye.