Ma-admin wapya, bei andikeni basi

Madogo mnaoshika peji za biashara za watu huko Insta, nawapenda ila mnanichosha. Picha ya kochi, kapsheni "Wateja wetu wapendwa tunawajali sana", afu bei? "Njoo DM." Mteja yuko kwenye daladala ya Mbagala kabanwa, bando lenyewe la kuungaunga, aje DM asubiri umjibu jioni? Anaskroli zake.

1. Bei, mlipo, namba ya simu, mikoani mnatuma au hamtumi. Eti mnaogopa washindani wataona bei, kwani wao hawajui kuja DM wakajifanya wateja?

2. Mstari wa kwanza ubebe mzigo. Insta inakata kapsheni, ukianza na "Tunapenda kuwataarifu" umekatwa hujasema kitu. Na linki kwenye kapsheni haibonyezeki, weka kwenye bayo, yale maelezo ya juu ya peji, hili nimesema mpaka koo limekauka.

3. Kuskejuli, yaani kupanga posti mapema ijirushe yenyewe. Hapa kaeni kitako. Machi 2021 nilikuwa nashika peji ya duka moja la nguo, najiona fundi, posti za wiki nzima nazipanga Jumapili afu nasahau. Usiku wa tarehe 17 Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, akatokea kwenye TV kutangaza kifo cha Rais Magufuli. Nyumbani kimya, simu za ndugu zinaingia, mama analia, peji hata haikunijia kichwani. Asubuhi saa moja kamili posti ikaruka yenyewe, mdada na gauni jekundu anacheka, "Leo ni siku ya kufurahi, umeshapendeza?" na viemoji vya moto. Mimi nimelala. Naamka bosi kapiga mpaka kachoka, nafungua komenti, "Mnafurahia nini?", mwingine "nimeshaskrinishoti". Nikafuta, lakini zilishafika kwenye magrupu ya WhatsApp, na badala ya kuomba radhi nikaenda kuandika eti tumehakiwa. Jamani! Mtu akauliza huyo mdukuzi kajuaje kama mzigo wa magauni umefika. Sikuwa na jibu. Mwisho bosi akaandika mwenyewe, posti ilipangwa kabla ya msiba, tumekosea, poleni sana Watanzania, ndo komenti zikapoa. Hela ya mwezi ule sikulipwa na wala sikudai, ningeanzia wapi?

Kwa hiyo ikitokea habari nzito zima kwanza zote ulizopanga, kulia baadaye. Na paswedi asiwe nayo mtu mmoja anayelala fofofo kama mimi.

4. Hashtegi ya msanii aliyeachwa na mpenzi wake kwenye posti ya magodoro, hapana. Acheni.

5. Komenti zijibuni. Watu watano wakiuliza "mko wapi" wao si wajinga, we hujaandika, rudi ka-edit. Na yule wa "mbona ghali" msimnunie, mwambieni mbao gani, sponji ipi, mara nyingi huyo ndo mwenye hela mfukoni, anatafuta sababu tu ya kuitoa.