Ukianza kubonyeza, simama: jibu kwa anayetaka kukatia kwilti juu ya plaiwudi

Usikate. Hizo mita 4 za pamba za kwilti, yaani blanketi la vipande vya kitambaa vilivyoshonwa pamoja, ziache kwanza hadi umalize kusoma hapa. Umeuliza ununue kisu cha gurudumu, kile chenye wembe wa mviringo, cha kipenyo cha milimita 45 au 60. Halafu mwishoni umegusia kama jambo dogo tu kwamba kitambaa utakikunja hadi matabaka 8, utakilaza juu ya plaiwudi na utaongozea rula ya chuma, maana muuzaji kakwambia "ukibonyeza vizuri kinapita". Kwenye huko kubonyeza ndiko kwilti inakoharibikia, na vidole pia.

Kisu hiki kinakata kwa kuviringika. Wembe mpya wa 45, ukiwa juu ya mkeka wake wa plastiki wa kukatia, unapita kwenye matabaka 4 ya pamba kwa mkono mlegevu tu. Ukiona bega limeanza kusaidia, kuna kitu hakiko sawa: wembe, nati inayoushikilia, au kilichoko chini ya kitambaa. Kuongeza nguvu hakutengenezi hata kimoja kati ya hivyo.

Tazama kinachotokea ukibonyeza. Wembe unakwenda umeegemea ukingo wa rula. Nguvu ikizidi, unaisukuma rula pembeni, na inayohama zaidi ni ile ncha ya mbali ambako mkono wa kushikilia haujafika. Ukanda unaoukata unaanza na upana wa inchi 2½ karibu nawe, unaishia na 2⅜ kule mwisho. Kwa macho huoni kitu. Unakuja kuona kwenye cherehani: safu ya vipande 20, kila kimoja kikipungua milimita 1, inakuwa fupi kwa sentimita 2 kuliko safu jirani. Hapo utavuta kitambaa, utafumua, utalaumu mshono wako, na mshono hauna kosa. Kitambaa kilichokatwa pungufu hakirudishiki, na rangi ile ikishaisha dukani ndiyo basi.

Plaiwudi inafanya yote hayo yaje haraka zaidi. Wembe unazama kwenye mbao, unafuata nyuzi za mbao badala ya rula, na gundi iliyomo inaumaliza makali. Rula ya chuma nayo, wembe ukiigusa hata mara moja, unapata pengo. Wauzaji wanaotoa kisu peke yake na kusema ubao wowote unafaa wananikera sana, nami niliuziwa maneno hayohayo. Kisu, mkeka na rula ya akriliki, ile plastiki ngumu inayoonyesha, ni kifaa kimoja. Kama hela inatosha kimoja tu leo, subiri, endelea na mkasi.

Pengo la wembe linajitangaza lenyewe. Ukiinua ukanda, utakuta nyuzi chache hazijakatika, halafu mbele tena, halafu tena, kwa umbali uleule. Chukua rula upime. Wembe wa 45 ukizunguka mara moja unatembea kama sentimita 14, wa 60 kama 19. Umbali ukilingana na huo, wembe una pengo, utoe. Kama nyuzi zinabaki sehemu ileile ya mkeka kila mara, mkeka una mtaro. Ugeuze ukatie upande mwingine. Kama ni ovyoovyo tu bila mpangilio, fungua kisu kabla ya kutupa wembe: pamba laini hujikusanya nyuma yake na kuukwamisha. Panga sehemu mezani kwa mfuatano ulivyozitoa, futa, weka tone moja la mafuta ya cherehani, rudisha vilevile. Nati usiikaze sana. Gurudumu lizunguke kwa kusukumwa na kidole kwenye ubavu wake, usiguse makali.

Ukifungua pakiti ya nyembe mpya, angalia vizuri kama hujafunga mbili pamoja. Zina mafuta na hunatana, na mbili zikikaa pamoja kisu kinakuwa kizito, unarudi kulekule kwenye kubonyeza.

Matabaka 8 achana nayo hata kama wembe ni wa 60. Ya chini yanateleza kabla wembe haujafika. Tena huna haja: kitambaa cha upana wa sentimita 110 ukikikunja mara moja, pindo la kiwandani kwa pindo la kiwandani, unapata 55, na rula ya inchi 6 kwa 24 inafika sentimita 61. Inavuka yote kwa mpigo mmoja, matabaka 2 tu. Kipige pasi kwanza, lakini si juu ya mkeka. Joto linaupinda na ni vigumu kunyooka tena, hata jua la dirishani linatosha. Weka mstari wa rula sawasawa na mkunjo, kata ukingo mmoja uwe mraba na mkunjo, ndipo uanze kupima. Mkunjo ukiwa mshazari, ukanda ukiufungua utaona umevunjika katikati kama herufi V.

Kata umesimama, wembe ukienda mbali na mwili. Mkono wa kushikilia utandaze vidole juu ya rula, kidole kidogo kikiwa nje kwenye ukingo wa upande usiokatwa ili kuizuia isihame. Ukifika usawa wa vidole, simamisha kisu bila kukiinua, sogeza mkono mbele, endelea. Na kifuniko cha wembe kifungwe kila unapoweka kisu mezani, hata kama ni kwa ajili ya kunyoosha kitambaa tu.

Basi nunua 45. Mkeka usiwe chini ya sentimita 45 kwa 60, ule ambao mkato wake hujifunga wenyewe. Kata ukanda mmoja tu, ufungue, upime mwanzo, kwenye mkunjo na mwisho. Vipimo vitatu vikilingana, kata wa pili. Visipolingana, usiguse kitambaa kilichobaki. Leta picha ya ukanda huo hapa tuone ulipohama.