Sahani nzima ya ELISA kugeuka buluu: angalia kingamwili zako ni za mnyama gani

Mkuu, umeuliza kwa nini sahani yako ya ELISA (kipimo cha maabara kinachonasa protini kwa kingamwili) ya visima 96 inageuka buluu yote, hata visima ambavyo hukutia sampuli, na umeshaosha mpaka umechoka. Acha kwanza kuosha. Huko kuosha kulinimalizia wiki tatu.

Nilikuwa natafuta HRP2, protini ya kimelea cha malaria inayoshikwa na vile vipimo vya haraka vya malaria. Nilipaka kingamwili ya panya chini ya kisima, nikatia sampuli, nikafuatisha kingamwili ya kugundua, nayo ya panya. Juu yake ikaja kingamwili ya mbuzi inayokamata kingamwili za panya, yenye kimeng'enya cha HRP, ndicho kinacholeta buluu. (HRP hii na HRP2 ya kimelea hazina undugu, majina tu yamegongana.) Sasa ile ya mbuzi itajuaje panya yupi yuko chini na yupi yuko juu? Ilishika wote.

Nilikuja kugundua nilipotenga safu tatu. Ya kwanza sikutia sampuli: buluu. Ya pili sikutia sampuli wala kingamwili ya kugundua: buluu vilevile! Ya tatu sikupaka kitu chini, nikaiziba tu kwa maziwa ya unga (yanafunika plastiki ili kingamwili zisijigandie ovyo) na kuendelea kama kawaida: maji matupu, hakuna rangi. Hapo nikakaa kwenye stuli nikacheka peke yangu.

Dawa yake ni kugundua kwa kingamwili ya sungura, au ya panya iliyobandikwa biotini (vitamini) halafu unatumia streptavidini (protini inayong'ang'ania biotini) yenye HRP. Mimi nilichukua biotini, rangi ikawa hafifu mno. Kumbe streptavidini nilikuwa naichanganya kwenye maziwa ya unga yaleyale ya kuzibia, na maziwa yana biotini yake. Nilipohamia albumini ya ng'ombe asilimia 1, usomaji wa rangi kwenye mashine (nanomita 450) ukatulia.

Ukishatoka kwenye buluu ukakuta hakuna rangi kabisa, soma lebo za chupa na bafa zako (yale maji ya kuchanganyia na kuoshea). Sodiamu azidi inayowekwa ili visiote vijidudu inaua HRP, kwa hiyo isiwemo kwenye bafa ya hatua ya kimeng'enya wala ya kuoshea baada yake.

Hebu tuwekee hapa: kingamwili yako ya chini ni ya mnyama gani, na ya kugundua je?