Mguu umevimba, nami naogopa hospitali

*Shangazi, nina miaka 41, nakaa Majengo, Mombasa. Nilizaliwa mwanamume, lakini huu mwaka wa tisa naishi kama mwanamke. Hununua vidonge vya majira dukani, nikameza viwili kila siku ili mwili uwe wa kike. Mama alifariki kwa kiharusi. Tangu Jumamosi mguu wa kushoto umevimba na unauma. Mara ya mwisho hospitalini, muuguzi aliita kwa sauti jina la kitambulisho changu, benchi zima likanigeukia. Je, nisubiri? Sigara navuta, na majani ya muguka natafuna kidogo.*

Mwanangu, usisubiri. Mguu mmoja ukivimba na kuuma ilhali mwenzake ni mzima, kwa mtu anayemeza vidonge hivyo, huenda damu imeganda katika mshipa wa ndani, na bonge hilo likichomoka na kufika mapafuni linaweza kukuua. Kwa hiyo nenda leo hii, kabla hujameza kidonge kingine, na pumzi zikianza kukatika au kifua kikichoma, usikae foleni.

Estrojeni, ile homoni ya kike iliyomo katika vidonge vya majira, huchangia damu kuganda, ndiyo maana hata wanawake waliopita miaka 35 wanaovuta sigara hushauriwa wasivitumie, nawe unameza maradufu. Sikwambii uache kuwa ulivyo. Ipo estrojeni ya kubandika au kupaka ngozini, ambayo hatari yake ya kugandisha damu ni ndogo zaidi, lakini hiyo ataiamua daktari baada ya kukutibu mguu, kukupima damu na kuiangalia presha, ambayo kwa mtoto wa aliyekufa kwa kiharusi haifai kubahatishwa.

Sigara na muguka umevitaja mwishoni kabisa, kama mgeni asiyetakiwa sebuleni. Muguka hupandisha presha na kuuendesha moyo mbio, na hicho “kidogo” chako, niwie radhi, sikiamini.

Ama lile benchi, silipuuzi. Mwaka 2021 Shirika la Moyo la Marekani lilieleza kwamba ubaguzi na msongo wanaoupata watu waliobadili jinsia ni miongoni mwa mambo yanayoidhuru mioyo yao. Basi andika kwenye karatasi jina unalotaka kuitwa, vidonge unavyomeza na kwa muda gani, na habari ya mama; mkabidhi daktari mkononi, usilazimike kuyasema mbele ya watu. Mwombe rafiki yako mmoja akusindikize, na paketi ya vidonge itie mkobani.